Mtawa Nusu Zimwi na Mama Yake

Jumapili baada ya chakula fundi cherehani alisukuma mashine yake ukutani, akapangusa vijiuzi mezani, na mchezo ukaanza. Dada yake alikuwa msimulizi. Fundi na kinyozi wa jirani walirusha dadu na kucheza wahusika waliojitungia wenyewe.

Walikuwa na sharti lao: kila mhusika lazima awe na mama, naye aelezwe mpaka aonekane. Siku hiyo fundi alileta mhusika mpya, mtawa nusu mtu nusu zimwi, wa kijani, meno mawili yamechomoza kama ya ngiri, anayepigana mikono mitupu na asiyepandisha sauti. Kwenye mama akashikwa na uvivu. Alichungulia jikoni, akamtumia mama yake mwenyewe kama alivyo, na kovu lake la pasi kwenye kiwiko, awe mama wa mtawa.

"Mama huyo alimtupa mtoto mlangoni pa watawa kwa kuona haya," akamalizia.

"Imekubaliwa," dada akasema. Kwao likishakubaliwa halifutwi.

Mlango ukagongwa. Mtawa akaingia, ameinama ili kichwa kipite, akauliza viatu aweke wapi. Kinyozi akamsogezea stuli.

"Kalia taratibu, kaka, mguu mmoja umelegea."

Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Mtawa akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama meno. "Mimi nilijua ulishakufa."

Hapo ndipo watu walipopigwa na butwaa. Dadu ilimponyoka kinyozi ikaingia chini ya kabati, na hakuna aliyeinama kuitafuta. Fundi, aliyelelewa akiitwa kifungua mimba wa nyumba hii, alimgeukia mama yake.

"Mama, mimi nilikuwa natunga tu!"

"Alizaliwa na meno," mama akasema. "Watu wangesemaje?"

"Baba alijua?" dada akauliza.

"Si ndiye aliyembeba kumpeleka!"

Dada akaketi sakafuni. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi hata kuchinja kuku.

Mtawa alisema hakuja kugombana. Alitaka kitu kimoja tu: mama amwite mwanangu mbele ya watu.

Mama akaangua kilio, kilio cha kweli. Alimshika mkono ule mkubwa wa kijani, akaubana kifuani. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu mie."

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wa dada, nje.

Mama akajifuta uso upesi. "Mwanangu, ingia chumbani kwanza. Nitakuita."

Mtawa akaokota viatu vyake, akaingia, akafunga mlango bila kelele.

Mgeni akaketi kwenye stuli iliyokuwa bado na joto, akauliza habari za nyumbani na watoto.

"Hawajambo," mama akajibu. "Wote wawili hawa hapa, unawaona."

Dada aliinamisha macho. Fundi alifungua mdomo, akamuuliza mgeni kama atakunywa chai.