Mbuzi Si Mtu

Mwaka wa 1967, vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vikiwa vimechacha, lori la askari lilikanyaga bomu nje kidogo ya Garissa. Dresa wao, aliyewatibu majeruhi, alifia papo hapo, na Koplo Musyoka akabaki na paja lililochanika, ambalo siku ya tatu lilianza kunuka. Ndipo Sajini Kang'ethe alipoingia kambini walimofungiwa wafugaji, akamburuta Shamso, mganga wa mizizi, pamoja na mumewe, Nuh.

"Koplo akifa, mumeo naye anakufa," alisema, akamtandika Nuh kitako cha bunduki mpaka meno mawili yakaanguka mchangani.

Mti aliouzoea Shamso ulikuwa umeteketea askari haohao walipochoma vichaka. Alichemsha mzizi wa mti mwingine, asioujua vizuri. Sajini, mtu wa kujifanya mjanja, akaamuru mbuzi anyweshwe kwanza. Mbuzi akanywa, jua likasogea hadi alasiri, naye bado anatafuna kamba yake.

"Haya, mpe koplo."

Laiti Shamso angenyamaza. Lakini kwao dawa ngeni haipimwi kwa mnyama. Hupimwa kwa mgonjwa mwenyewe, tone kwa tone, na mganga anayeficha shaka yake ni muuaji.

"Afande, mbuzi si mtu. Mbuzi nakula miti nayoua sisi. Mimi nachanja koplo mkono kidogo, natia tone moja, nangoja kesho."

"Kesho atakuwa maiti." Sajini alimnyooshea Nuh kidole. "Mbuzi si mtu, sivyo? Basi mtu huyu hapa."

Shamso alinyakua bakuli anywe mwenyewe. Teke la buti likamtupa chini. Askari wawili walimbana Nuh, wakampanua taya kwa kisu, wakammiminia bakuli zima. Haukupita muda akaanza kutapika damu, visigino vikichimba mchanga, macho yakimtafuta mkewe. Kisha akatulia.

Sajini aliangalia saa yake. "Kali mno. Ipunguze," alisema, akawageukia wanaume waliochuchumaa kwenye seng'enge. "Leteni mwingine."

Shamso aliinuka, akaipiga sufuria teke, dawa yote ikanywewa na mchanga. Risasi ilimvunja nyonga. Akaanguka juu ya Nuh, akamsikia koplo nyuma yake akiomba maji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze uganga hakumhurumia mgonjwa.