Mzabibu Ulioshiba ni Mvivu

Kila mwaka, divai mpya ilipotulia mapipani, mwonjaji wa kiwanda alifunga dirisha la chumba cha kuonjea, akatandika kitambaa cheupe mezani na kupanga glasi tatu. Kando aliweka mkate mkavu wa kusafishia kinywa, na chini, karibu na mguu wa meza, ndoo ya kutemea. Wafanyakazi walimwita Mama Ulimi. Jina lenyewe alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichombana mwanzoni.

Glasi zote tatu zilikuwa za zabibu moja, nyeusi, iliyotokana na mzabibu mzee uliokuwa nyuma ya kiwanda, jirani na bafu la walinzi. Matawi yake yalikatwa zamani yakaenda kupandwa kwenye mashamba matatu: moja mlimani, moja ziwani, moja uwandani kwenye mchanga na jua. "Tumbo moja," Meneja alipenda kuwaambia wageni, "lakini kila mtoto na tabia yake."

Mama Ulimi akaanza na ya mlimani. Ilikuwa nyepesi, nyekundu ya kupenya mwanga, chachu kidogo, na harufu ya tunda ambalo halijaamua kuiva. Alipoizungusha mdomoni pumzi yake ikatoka na moshi, na kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Karani aliyekaa naye akavaa sweta aliyoileta kwa kazi hiyo. Ya ziwani ilikuwa laini, inateleza, na nyuma yake ikaja harufu ya majani yaliyolowa. Viatu vyao vikalowa mpaka soksi. Mfagiaji, aliyekuwa anasubiri mlangoni na dekio, akaingia, akadeki, akatoka. Ya uwandani ilikuwa nyeusi kama wino, nzito, na ukakasi wake ulishika fizi kama mkono unavyoshika mkono. Midomo ya Mama Ulimi ikapasuka. Karani akamsogezea mafuta ya mgando.

"Mwaka huu imekaza zaidi," karani akasema.

"Imekaza," akajibu, akatema ndooni.

Alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku ile wala wa wiki ile. Ulikuwa uchovu wa kujua jambo na kulitema, kulijua tena na kulitema tena.

Mlinzi akagonga, akaingiza kichwa. "Mama, pacha wako yuko getini. Nimempandisha kwenye kiti asikanyagwe na malori."

Yeye na pacha wake walizaliwa kitanda kimoja, asubuhi moja, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya kiwanda. Yeye ndiye aliyetangulia, ndiyo maana yule mwingine hakuwahi kumwita jina, alimwita Dada. Utotoni walifanana hata mama yao akawa anamlisha mmoja mara mbili na kumsahau mwingine. Walipopata kazi, mmoja alibaki kuosha glasi mpaka akapewa glasi za kuonja. Mwingine akapelekwa uwandani kupanda na kupogoa mizabibu. Huko akaoa, akazaa, na kila alipokuja likizo alikuwa amepungua. Kuna mwaka alimfikia dada yake begani, mwaka mwingine kiwikoni. Safari hii aliposhushwa kitini na kuja kumkumbatia, alikumbatia goti.

Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeusi na nene, imekunjamana kidogo, nayo ilinukia utamu. Nyigu wawili walimfuata tangu kituo cha basi. Mama Ulimi akawafukuza kwa kanga, akambeba kaka yake mpaka chumbani kwake, akamketisha juu ya mito.

Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mambo ya mashambani yalijulikana. Wa mlimani walirefuka na ngozi zao zikawa nyembamba. Ukikaa nao jioni karibu na taa unaona mishipa, na walilia kwa neno dogo tu. Wa ziwani walivimba, wakawa wepesi wa kucheka, na msimu wa mvua waliota ukungu nyuma ya masikio, wakaufuta kwa kitambaa chenye siki. Wa uwandani walipungua. Daktari wa kiwanda aliwahi kuwapima wote akasema ni ardhi, akawaandikia vidonge vya vitamini.

"Chai nikuwekee kwenye nini?" Mama Ulimi akauliza.

"Kifuniko cha chupa kinatosha, Dada."

Akanywa kwa mikono miwili. Akanywa tena. Alikunywa maji yote ya kwenye birika kabla ya kusema lililomleta.

"Mjukuu wangu kazaliwa," akasema.

"Hongera! Mzima?"

"Mzima kabisa, kucha zote zipo. Tunamlaza kwenye kikombe cha bati, kile ulichotuletea. Kina mkono, kwa hiyo kumbeba ni rahisi." Akaweka kifuniko chini. "Dada, huyu akipungua, atabaki nini?"

Mama Ulimi akamimina maji mengine.

Kaka yake akaeleza bila kupandisha sauti. Bomba la uwandani ni moja, linanywesha mizabibu na nyumba zao pia. Meneja alikuwa amekwenda mkutanoni huko mbali, akarudi na maneno: mzabibu ulioshiba ni mvivu. Unyime maji, mizizi itachimba, zabibu zitakuwa ndogo, ganda litakuwa nene, na divai yote nzuri iko kwenye ganda. Basi kila mwaka wakabana bomba kidogo. Na kila mwaka divai ikazidi kuwa nzuri.

"Wewe ulimi wako wanauamini," akasema. "Waambie mwaka huu ni mbovu. Waambie mizabibu imechoka. Watafungua maji."

"Sijawahi kusema uongo juu ya divai."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Mama Ulimi alikuwa na midomo iliyopasuka, na alijua. Akamwambia alale. Akamfunika kwa taulo la mkono.

Asubuhi walikwenda pamoja chumba cha kuonjea, kuonja tena mbele ya Meneja. Meneja alikuwa kijana kwao, mtu wa adabu, mwenye vidonda vya tumbo. Alipomwona pacha akachuchumaa ili wasalimiane uso kwa uso.

"Shikamoo, mzee. Za uwandani?"

"Marahaba. Kavu."

Meneja akacheka, maana aliona ni mzaha mzuri, akavuta kiti. Mama Ulimi akamimina. Sweta ikavaliwa, dekio likapita. Alipofika glasi ya tatu aliishika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ndani yake mlikuwa na matunda makavu, moshi, chuma, vumbi la njia baada ya mtu kupita. Na chini kabisa, pale ambapo ulimi wa mtu mwingine usingefika, mlikuwa na harufu ya shingo ya kaka yake walipokuwa wadogo wakilala mgongo kwa mgongo. Ilikuwa divai nzuri kuliko zote alizowahi kuonja. Akaitema.

"Mbovu," akasema.

Karani akainua kichwa. Meneja akasogea mbele. "Mbovu vipi, Mama?"

"Maji matupu. Haina mwili. Mizabibu imechoka, inataka kunyweshwa."

Meneja akaonja mwenyewe. Mdomo wake ukapasuka, damu kidogo ikatoka, akaifuta kwa leso. Akawaza kwa uaminifu, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Kama ni maji matupu," akasema, "basi bado inakunywa. Kuna mahali bomba linavuja. Itabidi tubane zaidi."

Pacha alitazama miguu yake, iliyokuwa inaning'inia mbali na sakafu. Mama Ulimi akashika ukingo wa meza.

"Nimekosea, Meneja. Kinywa changu kimeamka vibaya. Ni nzuri. Sijawahi kuonja kama hii."

"Unaona!" Meneja akapumua. "Hata mimi nilishangaa. Basi tusiguse kitu. Tuache palepale."

Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma kidogo kidogo, na utingo analiita, "Njoo, njoo, njoo."

"Watu wanapungua," Mama Ulimi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Si ardhi. Ni kiu. Wafungulie maji, Meneja. Huyu hapa, mtazame."

"Namwona, Mama. Kwani sina macho?" Meneja akaweka glasi chini polepole. Macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha. "Hata usingizi sipati vizuri. Lakini dunia nzima inaitaka ya uwandani. Hii ya mlimani na ya ziwani tunauza kwa sababu ya ile. Nikifungua maji, nafunga mashamba yote." Akamgeukia pacha. "Mzee, naomba mnivumilie. Nitawatumia seremala."

"Asante," pacha akasema, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Mama Ulimi akaomba likizo, akapewa siku ileile. Akanunua dumu la maji, akambeba kaka yake kwenye mkono kama mtu anavyobeba mkoba, wakapanda basi. Kondakta alitoza abiria mmoja na mzigo mmoja, na mzigo ulikuwa dumu. Njiani kaka yake alilala. Alipoamka aliuliza wamefika wapi, akaambiwa, akasema, "Bado," akalala tena. Dirishani mlima ulibaki nyuma, kisha miti, kisha kila kitu kilichokuwa na kivuli.

Walipofika, seremala alikuwa ametangulia. Alikuwa fundi hasa, asiyelipua kazi. Alishusha rafu, akakata miguu ya vitanda na stuli, akapunguza milango nyumba kwa nyumba, na kila alipomaliza ukingo aliupiga msasa ili watoto wasichomwe na vibanzi. Watu walisimama kumtazama, wakamshukuru. Wengine walimwambia afadhali, maana walikuwa wameshachoka kuburuta kitu cha kupandia kila walipotaka kufungua mlango wao wenyewe. Bomba lilikuwa katikati ya uwanja. Lilitoa tone, likafikiri, likatoa tone jingine.

"Karibu, wifi," mke wa kaka yake akaita kutoka ndani. "Karibu sana, pita."

Mama Ulimi akainama. Akapiga magoti. Akajaribu ubavu, kisha bega moja. Hakuingia. Akakaa chini kwenye mchanga nje ya mlango, akaingiza mkono mmoja ndani mpaka kwapani, na wifi yake akamlazia mtoto kiganjani. Alikuwa na joto, na alipumua kwa haraka. Kutoka ndani ilisikika sauti ya dumu likimiminwa, na watu wakinywa bila kuzungumza.

Seremala akaja na penseli sikioni, akapima mlango, akapiga mstari. Kisha akaangalia alichochora, akapiga mstari mwingine chini yake.

"Huo wa chini ni wa nini, fundi?" Mama Ulimi akauliza.

"Meneja kasema nishushe kupita kipimo chao, Mama. Ili mwakani nisihangaike kurudi."

Akaegesha msumeno. Mkono wa Mama Ulimi ulikuwa bado ndani, na mtoto alikuwa ameshika kidole chake kimoja kwa mikono yote miwili. Akasogeza goti pembeni kidogo, fundi apate nafasi.