Kucha za Baba

…na huu wa kidole gumba usiukate kwa pupa, alijiambia, umekuwa mweusi na unavunjika kama ganda la yai, ni dawa hizo, dawa anazozijua kwa majina na vipimo, amezitafiti miaka nenda miaka rudi, na katika makala zake zote hakuna palipoandikwa kwamba zitamkalisha kwenye kigoda hiki, taulo sakafuni, mguu wa baba yake mapajani, mkasi mdogo mkononi, na huko sebuleni mdogo wake anamsomea shangazi yao simu kwa sauti ya mnadani, “Makala themanini na kitu, shangazi, na hii moja ya saratani ya koo wenzake wameinukuu mara elfu mbili na ushee,” na shangazi anauliza kunukuu ndiyo kufanya nini, “Ndiyo kumtaja, wakiandika ya kwao lazima wamtaje yeye,” “Haya, hongera zake, ila mtu wa kutajwa na wote hao mbona hata kunijulia hali hanipigii,” wakacheka, naye akatabasamu, kweli hapigi, ukucha ukakatika vizuri, akaupangusa mguu, mguu huu uliokanyaga breki za lori usiku na mchana ili yeye asome… baba akirudi safari ni yeye aliyemvua viatu, huku amejibana pua, na baba akisema harufu hiyo ndiyo karo, mwanangu, ivute… “Hiyo wanayoisifu huko,” baba akasema taratibu, sauti siku hizi inamtoka kama inapita tundu la sindano, “ni ya ugonjwa wangu huu?” “Ndiyo, baba.” “Inasemaje?” …inasemaje, inasema kuna mchoro, mstari unaoshuka kama ngazi, na kila kidaraja ni mtu mmoja aliyekufa, mstari aliouchagulia rangi ya samawati na akabishana na wenzake juu ya unene wake, mchoro ambao wote hao elfu mbili wameuchukua wakaupeleka kwao, wamemuuliza maswali juu yake kumbini, kwenye barua, kwenye korido, na hakuna aliyewahi kuuliza huku amemwachia mguu wake mikononi… yeye huwaambia ndugu za wagonjwa kila mwili na siri yake, Mungu ndiye mpangaji, maneno ya kupakana mafuta, lakini huyu, huyu anaujua uongo wake tangu hajaota meno, akinyamaza atajua, akipamba atajua zaidi… “Inasema nusu yao hawakuuona mwaka wa pili,” akasema, sauti ikatoka ndogo kuliko alivyoipanga, “lakini nusu nyingine, baba…” “Nimekuelewa.” Mguu haukuondoka. Sebuleni kijiko kiligonga kikombe, mdogo wake anaeleza jambo, shangazi anaitikia ehee, ehee… nimemuua, aliwaza, nimemuua kwa mdomo wangu, ningesema sikumbuki, ningesema ni utafiti wa zamani, dawa zimebadilika, na kweli kidogo zimebadilika… “Hao waliokufa,” baba akasema, “uliwajua?” “Wengi wao.” Na wakaja, hawakubisha hodi, fundi cherehani aliyelalamikia mshono wa mashuka ya wodi, mzee aliyekuwa akimwita bibi harusi kila asubuhi, mwalimu aliyeomba dirisha lifunguliwe kisha hakuomba tena kitu, na yeye jioni akikaa mezani, akiwashusha kidaraja kimoja kimoja… “Na uliwaandika mwenyewe?” “Mwenyewe, baba, kila mmoja.” Baba akamtazama, macho yale yaliyozoea barabara ndefu. “Pole, mama,” akasema. “Pole sana.” …pole… amepewa hongera hata hazina pa kukaa, za kwenye vyeti, za kwenye vipaza sauti, za watu asiowajua, na pole hii hakuna aliyemletea, wala yeye hakujua kuwa ana msiba, alidhani ni uchovu, miaka yote hiyo alidhani ni uchovu tu, kumbe alikuwa amefiwa, amefiwa mara nyingi na hakukaa matanga hata mara moja… mkasi ukashuka kwenye taulo, akauinamia mguu, paji la uso likagusa kifundo, akalia, na huko shangazi anauliza hao elfu mbili wanakaa nchi gani, na baba akauacha mguu wake pale pale, mzito, wa moto, wala hakumwambia anyamaze.