Malaika wa Lipu Katika Jumba la Corliss

Denzil Roskilly alikuwa amelala katika karibu kila jimbo la Marekani lenye mgodi, na kote huko hakuna aliyemwomba abaki. Aliporudi Butte, mji wa migodi ya shaba huko Montana, uzeeni, mgongo umepinda, akasikia kwamba jumba la Corliss linafunguliwa kwa wageni na anatafutwa mtu wa kuwatembeza. Mshahara ulikuwa wa tumbaku tu, lakini mtembezaji angepewa chumba juu ya banda la farasi, chenye jiko la kuni na kitanda. Denzil alikichungulia kitanda hicho mlangoni, akakitamani kuliko alivyowahi kumtamani mwanamke yeyote. Hiyo si sifa kubwa ya kitanda, maana wanawake hawakumpa nafasi ya kulinganisha.

Jumba lilijengwa na Thaddeus Corliss, tajiri wa shaba, enzi ambazo babu yake Denzil, mtu wa Cornwall kule Uingereza, alikuwa chini ya ardhi akimchimbia hiyo shaba. Lilikuwa na vioo vya rangi, ngazi za mwaloni, na chumba cha kulia ambacho dari yake ilijaa malaika wa lipu wenye mashavu kama waliovimba jino. Hakuna Roskilly aliyewahi kuvuka geti lile. Denzil alijua kwamba hilo linampa haki ya kuwa na uchungu moyoni. Aliujaribu uchungu huo asubuhi moja, ukamchosha, akauacha.

Mwenyekiti wa kamati ya jumba, Bi Nora Shea, alikuwa mjane wa Kiirishi ambaye vumbi la mgodi lilimmalizia mume. Alimwambia Denzil waziwazi: siku ya ufunguzi atatembeza kundi moja, kamati ikiwa nyuma yake, kisha wataamua kama anafaa. Asipofaa, kitanda atapewa mwingine.

Siku ilianza vizuri. Denzil alilewa sauti yake mwenyewe. Alisema taa ya ukumbini ilitoka Paris, ingawa alikuwa ameambiwa ni ya Chicago, na wageni wakaitazama kwa heshima zaidi. Ndipo akawaingiza chumba cha kulia.

Sasa, mchimbaji akiingia mahali pa kazi, kabla hata ya kuvua koti, huinua mtaimbo akaugonga mwamba wa juu na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Ulioachia, ulio karibu kuanguka, hulia kama ngoma, na hapo hungoji kuusikia mara ya pili. Denzil alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na mkono wake haukumwomba ruhusa. Alinyakua mti mrefu wa kufungulia mapazia ya juu, akagonga katikati ya malaika wawili.

Ngoma. Akagonga karibu na dirisha. Ngoma. Karibu na mlango, ngoma tupu.

Dari ya fito na lipu hulia hivyo tangu siku inapokandikwa. Ina uwazi ndani. Kila mwenye nyumba anajua. Lakini Denzil alikuwa mtu wa mahema na mabehewa, na dari za watu hakupata kuzoeana nazo.

"Tokeni! Inashuka!"

Lilikuwa neno la kishujaa, ila alilitamka akiwa tayari ukumbini, na alipolirudia alikuwa kwenye ngazi za nje. Njiani aliwapita akina mama wawili na padri. Alisimama bustanini, mikono ameitanua kama mtu anayewalinda wenzake, na hao wenzake ndio kwanza walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wakirekebisha kofia.

Haikudondoka hata chembe ya vumbi. Bi Nora alirudi ndani, akasimama chini ya malaika mpaka akaridhika, kisha akamfuata Denzil, ambaye sasa alikuwa anaitafuta kofia yake ili aondoke.

"Mzee Denzil, nani alikuwa wa mwisho kutoka?"

"Padri, nadhani. Sikugeuka nyuma."

"Na wa kwanza?"

"Bi Nora, swali hilo mtu hulijibu kwa kufungasha mzigo."

"Nyie watu wa Cornwall mna maneno." Akakaa kwenye ngazi. "Mume wangu alikuwa akigonga dari ya chumbani kwetu kila akitoka kazini. Kwa ufagio. Nikawa namwita mjinga." Akakung'uta sketi yake. "Wageni wanauliza mtarudia lini."

"Turudie nini?"

"Mbio."

Walidhani ni sehemu ya matembezi. Bwana mmoja kutoka mji wa Helena alitaka kuwaleta wajukuu wake Jumamosi. Kamati ilikuwa imeshakubaliana pale pale bustanini: kitanda ni chake, mradi kila kundi ligongewe dari na kukimbizwa.

Denzil alitaka kukasirika. Alijipekua moyoni akitafuta heshima yake, akakuta kitanda tu.

"Na nikitaka kutoka wa mwisho? Kiume?"

"Utaweza?"

Alilifikiria kwa uaminifu.

"Hapana."

"Basi kakitandike. Na padri usimkanyage tena."

Jumamosi, mbele ya wale wajukuu, Denzil alijiambia kimoyomoyo kwamba ni lipu, ni fito, ni mchezo. Akagonga. Alipozinduka alikuwa bustanini, peke yake, moyo unamdunda. Waliomfuata walimpigia makofi, na yule bwana wa Helena akasema hajapata kuona mwigizaji anayeweza hata kubadilika rangi namna ile. Denzil akamshukuru, akaomba aletewe kiti.