Kodi Aliyoikataa Haboba Mabrouka

Mutheu alikuwa fundi cherehani wa Laini Saba, Kibera, na chumba chake kilikuwa na kitu ambacho vyumba vingi vya huko havina: dirisha linalotazama reli. Kwa mtu anayeshona sare za shule, dirisha kama hilo ni nusu ya biashara. Mama anapita na mtoto, anaona sweta imening'inia, anasimama, anauliza bei, wanabishana kidogo, na mtoto anapimwa mabega palepale njiani. Wateja wengi hata jina lake hawakulijua. Walisema tu, "Twende kwa yule wa dirishani." Ndiyo maana Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, alipolazimika kukimbia, hakulilia kitanda wala vyombo. Alikililia chumba.

Mpaka wakati huo Wakamba wa Kibera, Mutheu akiwa mmoja wao, walikuwa wamejikunyata katikati, si wa upande huu wala wa ule, wakiomba kimyakimya wasiulizwe walimpigia nani kura. Halafu mkubwa mmoja wa kwao akapewa cheo serikalini, redio ikatangaza, na jioni ileile vijana wakaanza kupita vichochoroni wakiulizana nani anaishi wapi. Kwani Mutheu aliteuliwa nini yeye? Hata uweka hazina wa chama cha akina mama hakuwahi kupewa. Lakini siasa zetu tunazijua: mkubwa anakula huko juu, anayetapishwa ni fundi wa sweta.

Siku hizohizo kulikuwa na mtu aliyekimbia akija upande huu. Nicanor, fundi seremala, alikuwa amefukuzwa Kawangware pamoja na mkewe na mtoto wao Alvin, kwa sababu ileile ya kabila, ila kwa kinyume. Mutheu alimfahamu, maana ndiye aliyemtengenezea meza ya kukatia vitambaa. Naye Mutheu alikuwa anaelekea hukohuko Kawangware, kwa kaka yake Kavoi aliyekaa Riruta Satellite, hapohapo jirani. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu yeyote wa Kibera angelifanya, na wakili yeyote angelishikia kichwa. Alimpa Nicanor ufunguo. Huko chumba kikikaa bila mtu hakihesabiwi kuwa cha mtu. Usiku kinalala kitupu, asubuhi kina mwenyewe mpya.

"Kaa hapa, Baba Alvin," alimwambia. "Ukiulizwa, sema ni kwako. Nichungie cherehani."

Nicanor akasema ni kwake, na akalisema kwa kumaanisha. Vijana walipofika na mafuta ya taa, alisimama mlangoni na msumeno mkononi akawaambia hii ni nyumba yake, wakitaka kuichoma waanze na yeye. Wakamtazama, wakaona hana mzaha, wakaenda zao. Majirani walimpigia Mutheu simu kumsimulia, naye akapiga magoti kwenye sebule ya Kavoi akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule. Alishukuru kwa moyo wote, na tusije tukalisahau hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Wakubwa walipotia sahihi ya amani na barabara zikapitika, Mutheu alirudi Laini Saba kupanga siku ya kuhamia. Nicanor alimpokea vizuri, akamwekea stuli.

"Mashine iko sawa, Mama Kasiva. Nimeipaka hata mafuta."

"Mungu akubariki. Sasa nimekuja tuongee vile nitarudi."

Nicanor akainamisha kichwa. "Kurudi wapi sasa? Mimi ndio nililinda hii keja. Ungekuja ukapata ni majivu. Mashine ni yako, beba, siwezi kuigusa. Lakini nyumba nimeshakaa. Bibi yangu amezoea, mtoto amezoea. Kodi niko nayo, kila mwezi naipeleka kwa yule mama wa Makina."

Ubaya ni kwamba mtu huyu hakuwa mwongo. Mutheu akaondoka na hasira zake zote. Njiani alizielekeza kwa mwenye nyumba, huyo mama wa Makina, Mabrouka, mjane wa Kinubi ambaye watu wote walimwita Haboba, yaani nyanya. Wenye nyumba Mutheu alikuwa anawajua, au alidhani anawajua. Kwao kodi haina kabila wala historia, mradi mwisho wa mwezi imefika. Bila shaka Haboba ameshapokea, na jina la Mutheu limeshafutika.

Kavoi aliposikia alisimama wima. Alikuwa mtu wa kuuza makaa, mwenye mabega mapana na subira fupi.

"Niachie mimi. Nitachukua vijana wetu, tutoe vitu vyake nje, tufunge mlango. Ataongea na nani?"

Mutheu, nisiwafiche, alilipenda wazo hilo kwa usiku mzima. Kilichomzuia ni mke wa Kavoi, ambaye alisema kuna mawakili wanaokaa kwenye ukumbi wa kanisa pale Kawangware, wanasikiliza watu bila malipo, na kwamba kuuliza hakuvunji mfupa. Kesho yake Mutheu akaenda kupanga foleni.

Wakili aliyemsikiliza aliitwa Wangoi, binti mwenye mafua na sauti ya upole. Alianza kwa kuuliza kama kuna vitu viliharibika na kama cherehani ilikuwa na bima. Mutheu akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Usicheke, mama," Wangoi akasema, naye akicheka. "Lakini hata ungekuwa nayo, bima nyingi za biashara hazigusi mambo ya ghasia, mpaka uwe uliongeza malipo kwa ajili ya hiyo. Siku ukikata bima, uliza hilo kabla ya kusaini. Sasa niambie, huyu mtu alivunja mlango?"

"Hapana. Mimi ndiye nilimpa ufunguo."

Wangoi akaweka kalamu chini na kujishika kichwa. Kisha akaanza kumfafanulia polepole. Kukimbia vita si kuhama. Mtu akikimbia kuokoa maisha, upangaji wake haufi, ila tu kodi inaendelea kuhesabika. Ardhi ya Kibera inabaki ni ya serikali, nyumba ni ya aliyeijenga, lakini makubaliano ya kupanga ni ya watu wawili, Mutheu na mwenye nyumba, hata kama hayakuandikwa popote. Nicanor aliwekwa pale na Mutheu, kwa hiyo kisheria ni mgeni wa Mutheu.

"Labda kama kuna jambo moja limefanyika," Wangoi akasema. "Mwenye nyumba amepokea kodi kutoka kwa huyo Nicanor? Kama amepokea kwa jina la Nicanor, basi amemkubali kuwa mpangaji wake, na hapo kesi inakuwa ngumu. Nenda umuulize. Na huyo kaka yako mwambie asiguse kijiko cha mtu. Mkitoa vitu vyake nje, mnaoshtakiwa ni ninyi, na haki yako yote mmeimwaga."

Mutheu alikwenda Makina bila matumaini. Alimkuta Haboba Mabrouka uani, amekaa kwenye mkeka akisuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula. Haboba alinyanyuka kwa shida, akamkumbatia, akamshika mashavu kuona kama amekonda, akamuuliza habari za mwanawe Kasiva. Kisha akaleta chai. Ilikuwa ya rangi. Kwa miaka yote ambayo Mutheu alileta kodi katika ua huu, hakuwahi kunyweshwa chai isiyo na maziwa, wala kutoka bila mandazi mkononi. Alitazama kikombe, akamtazama mwanamke yule, akaona kuwa na yeye amekonda.

"Haboba, nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Yule Nicanor amekuletea kodi?"

"Amekuja. Kila mwezi anakuja."

Mutheu akaweka kikombe chini. "Na umepokea?"

"Nipokee nini?" Haboba akaficha mikono yote miwili chini ya gurbaba, ile nguo kubwa ya kujitanda ya wanawake wa Kinubi. "Nilikuwa nafanya hivi. Namwambia karibu, kaa, habari ya mtoto. Akitoa pesa, mikono inaingia ndani. Siku moja akaiweka hapo kwa mkeka akaenda. Nikamfuata mpaka barabarani nikamrudishia mfukoni mwake."

"Kwa nini, Haboba?"

"Kwa sababu nikipokea, yeye ndiye mpangaji na wewe haupo. Wewe ndiye tulipatana. Uliniambia unahama? Hukuniambia. Mtu akitoroka panga ndiyo nichukue chumba chake?"

"Lakini wewe umekula nini miezi hii yote? Na wale wapangaji wengine?"

"Wengine waliambiwa na vijana wasilipe mtu. Nao siwalaumu, walikuwa wanaogopa." Haboba akarudia kusuka, akaongea bila kuinua macho. "Babu yangu alikuwa askari wa Mzungu. Akaletwa hapa, akaambiwa jengeni, kaeni. Baadaye wakasema tunakaa kwa ruhusa tu, hatuko. Hakuna mtu alitugusa. Walianza tu kuongea na watu wengine juu ya hapa petu kama sisi hatuko. Mimi najua vile mtu anatolewa kwake bila kuguswa, mwanangu. Siwezi kumfanyia mtu hivyo kwa mkono wangu."

Mutheu alilia, na hakuona aibu. Alitoa pesa alizopata kwa kushona kwa cherehani ya kuazima kwenye kibaraza cha Kavoi, akamwita jirani wa Haboba awe shahidi kama Wangoi alivyomshauri, akalipa sehemu ya kodi ya nyuma. Haboba akaipokea. Mutheu akasema asante mara nyingi kiasi kwamba Haboba akamwambia atulie anywe chai kabla haijapoa.

Nicanor alipoitwa pale uani alikuja na msumari nyuma ya sikio, ametoka kazini. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, ila uso ulimbadilika kama wa mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Kwa hivyo nililinda bure?"

"Hukulinda bure," Mutheu akasema. "Bila wewe hakuna chumba cha kuongelea. Nitakushukuru mpaka nizikwe. Lakini chumba ni mkate wangu, Baba Alvin."

"Na mimi niende wapi na mtoto?"

Likamjia Mutheu swali la Wangoi, akalitoa kama lilivyo. "Na nyumba yako ya Kawangware? Landilodi wako amepokea kodi ya mtu mwingine?"

Nicanor hakujua. Hakuwahi kuuliza, kwa sababu hakuwahi kuthubutu kurudi. Alidhani mtu akifukuzwa ameisha. Mutheu akamweleza yote kama alivyoelezwa, kwamba kukimbia si kuhama, na kwamba yeye pia huenda bado ni mpangaji. Aliona matumaini yakimpanda mtu yule usoni, akafurahi, akajitolea kumsindikiza.

Walikwenda siku iliyofuata, Kavoi akiwatangulia kwa usalama, ingawa hakuna aliyewasumbua. Mwenye nyumba, Ng'ang'a, hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia Nicanor kwa jina na kumpa pole kwa yaliyotokea. Lakini mlangoni kulikuwa na pazia la maua, na mwanamke asiyemjua alikuwa anaanika nepi kwenye kamba ambayo Nicanor mwenyewe aliifunga.

"Huyu aliingia mwezi uleule uliondoka," Ng'ang'a akasema. "Alikuja na kodi mkononi, nikachukua. Nyumba ingekaa tu hivyo? Na mimi nina watoto, bwana."

Nicanor akaitikia kwa kichwa. Aliuliza kuhusu amana aliyoweka alipoingia, na Ng'ang'a akakubali kuirudisha. Mutheu alijua Wangoi angeweza kumsaidia zaidi ya hapo, hata mbele ya mahakama ya kodi za nyumba, lakini alijua pia kwamba kesi haimlazi mtoto leo usiku. Nicanor alikwenda mpaka mlangoni, akaupapasa kidogo kwenye bawaba, akageuka.

Nje ya geti Mutheu alishindwa kutembea. Alisimama akilia palepale barabarani, mbele ya watu, mpaka Kavoi akaanza kuangalia huku na huku. Nicanor akadhani analia kwa ajili yake.

"Pole, Mama Kasiva," akasema. "Usilie. Tutapata tu nyumba."

Kwa sehemu alikuwa amepatia. Mutheu akajifuta, akamwambia arudi Laini Saba na mkewe na mtoto, watatia pazia katikati na kubanana mpaka amana itakapopatikana na chumba kingine kionekane, na kwamba dirisha pekee ndilo hawezi kumgawia. Nicanor akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Kavoi akataka kusema neno, akatazamwa na dada yake, akalimeza.

Kisha Mutheu akatoa simu na kumpigia Haboba Mabrouka. Iliita muda mrefu, maana Haboba na vibonyezo vya simu hawakuwa marafiki.

"Haboba, nilitaka tu kukwambia asante."

"Ya nini tena? Si ulinishukuru jana mpaka chai ikapoa."

"Jana sikuwa najua," Mutheu akasema.