Kabla ya Sindano ya Kwanza

1.

Si mlangoni, maana mlango wa friji unafunguliwa kila saa. Si karibu na barafu, maana dawa hii ikiganda imeharibika. Rafu ya katikati. Nimehamisha nyanya, nimehamisha bakuli la maharage ya jana, nimefuta kwa kitambaa chenye siki. Imebaki nafasi ya kiganja kimoja.

Tupu.

Dawa yenyewe bado sijapewa. Daktari amesema tuonane kwanza.

Kwanza.


2.

Ninayesema ni Zamaradi Mkude, mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Zamani nilikuwa mwamuzi wa netiboli. Nilikimbia pembeni ya uwanja na filimbi mdomoni, wachezaji wakubwa wakanyamaza nikinyoosha mkono. Sasa nikipanda ngazi kwenda darasa la tano nasimama katikati, najifanya nasoma mabango ukutani. Presha imepanda. Magoti yanauma. Wanafunzi wananipita wakisema "Shikamoo mwalimu" na mimi sina pumzi ya kuitikia marahaba.

Nimeacha wali. Nimeacha chapati. Nimekunywa maji ya ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Uzito unapungua, halafu unarudi, na ukirudi unakuja na wenzake.

Wewe unayesoma, kama hujawahi kugombana na mwili wako mwenyewe, niamini tu: haukuwa uvivu.


3.

*TANGAZO KWA WAGONJWA*

*Yeyote anayetarajia kuanza sindano ya kupunguza uzito anatakiwa kuonana na daktari kabla ya kupewa dawa. Aje na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Aeleze kama ni mjamzito, ananyonyesha, au anatarajia kupata mimba. Aeleze kama amewahi kuugua kongosho au kuwa na mawe kwenye nyongo. Aulize nyumbani kuhusu magonjwa ya ukoo.*

*Sindano haiazimwi wala haichangiwi.*

*Uongozi wa Kliniki*

(Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu ya bluu: *hata na mume?*)


4.

Simu. Mdogo wangu, Mwamvita, anayeuza vitenge sokoni na asiyejua kusubiri kitu chochote tangu azaliwe.

"Dada, daktari wa nini tena? Mwenzio nimeshapata. Vichupa, na sindano zake. Kuna dada anauza mtandaoni, ana wateja mpaka Mwanza. Kimoja changu, kimoja chako. Tunaanza Ijumaa."

"Kimeandikwa nini?"

"Kimeandikwa... hakijaandikwa. Kina kifuniko cha pinki."

"Mwamvita."

"Abee."

"Dawa isiyo na jina utamwambia nini daktari ukizidiwa? Kwamba umejichoma pinki?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Nisubiri," nikamwambia. "Nikitoka kwa daktari nakupigia. Usijichome kabla yangu. Niahidi."

Nilisikia mteja wake akiuliza bei, akamjibu, kisha akarudi kwangu.

"Haya, dada. Lakini Ijumaa ni Ijumaa."


5.

Sasa anasema Mwamvita. Dada ameniachia sehemu hii.

Msinione mjinga. Mimi ndiye niliyempeleka dada kununua gauni la harusi ya binti wa jirani, nikaona muuzaji anavyompima kwa macho halafu anasema, "Saizi yako hatuna, mama." Dada akasema asante. Asante! Akatoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nilitaka dada yangu apone haraka. Na mimi mwenyewe nilikuwa na kilo zangu za kuachana nazo. Basi.

Kwenye friji yangu vichupa vilikaa viwili, pamoja na maziwa.


6.

Chumba cha Daktari Kokugonza kina dirisha linalotazama Milima ya Uluguru, lakini yeye hatazami dirisha. Anakutazama wewe.

Alinipima presha akarudia. Alisoma paketi za dawa zangu moja moja. Akaniambia jinsi mambo yatakavyokuwa kama nitaanza: tutaanza na dozi ndogo kabisa, na haipandishwi kwa haraka ya mgonjwa. Kichefuchefu kitakuja, pengine na choo kigumu. Sahani ndogo, kula polepole, acha kabla hujavimbiwa. Maji. Nyama, maharage, mayai, usije ukapunguza misuli badala ya mafuta. Choma tumboni wiki hii, pajani wiki ijayo. Sindano iliyotumika iingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, isitupwe jalalani ikamchoma mtoto anayechezea pale. Tumbo likiuma sana, maumivu yakapenya mpaka mgongoni, usisubiri kesho.

Nilikuwa natikisa kichwa kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Friji nimeshaandaa, nikamwambia. Kopo ninalo.

Akatabasamu. Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyotajia maji:

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa na uvimbe shingoni?"

"Mama yetu. Lakini ni rovu tu, daktari. Sisi wa milimani, huko Matombo, rovu ni jambo la kawaida. Zamani watu hawakuwa na chumvi yenye madini joto."

"Mama yupo?"

"Alifariki tukiwa wadogo."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kwa hilo rovu."

Akaweka kalamu mezani.

"Mwalimu Zamaradi," akasema taratibu, "rovu la kawaida ni nadra sana kuua mtu."


7.

Maisha yangu yote nimesema *rovu*. Kwenye fomu za shule. Kwa mume wangu tulipochumbiana. Kwa wanangu walipouliza bibi yao yuko wapi.

Rovu.

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili.


8.

"Ipo saratani moja ya tezi ya shingo," alisema daktari. "Ni adimu. Lakini aina hiyo huweza kurithiwa, mzazi kwa mtoto. Mtu ambaye kwao ipo, sindano hii hatumpi. Sisemi mama alikuwa nayo. Nasema hatujui, na mimi sichomi mtu kabla sijajua. Nani aliyemuuguza?"

"Shangazi. Shangazi Chausiku."

"Yu hai?"

"Yu hai. Tena mkali."

"Mpigie."


9.

Nilimpigia nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, watu wakipita na vikopo vyao vya mkojo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekonda? Wazima huko?"

"Wazima. Shangazi, nakuuliza jambo, usinikasirikie. Mama alikufa na nini?"

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akitwanga mbali.

"Shangazi?"

"Nipo."

"Daktari ndiye anayeuliza."

"Daktari anayeuliza ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Hewaa." Akavuta pumzi. "Tulimpeleka hospitali kubwa, wakamkata. Likarudi. Sauti ikamwisha, akawa anaongea kama karatasi. Daktari wa wakati ule akatuita pembeni, mimi na baba yenu, akasema ni saratani. Baba yenu akasema neno hilo lisiingie nyumbani, watoto wa kike hawataolewa. Tukasema rovu. Na bibi yenu mzaa mama vilevile. Shingo."

"Shangazi..."

"Nimelibeba muda mrefu, Zamaradi. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."


10.

Sikumpigia Mwamvita. Nilikwenda sokoni kwa miguu yangu, magoti na yote, kwa sababu kuna maneno hayafai kupita kwenye simu.

Alikuwa anamkunjia mteja kitenge. Nikamwambia palepale, nyuma ya marobota: mama, bibi, saratani, hakuna sindano. Yangu hakuna, yako hakuna.

Hakubisha.

Hilo ndilo lililonitisha. Mwamvita kutobisha.

Akanishika mkono, akauingiza chini ya ushungi wake, upande wa kushoto wa shingo.

"Dada," akasema, "na hiki ni nini?"


11.

Mwamvita tena.

Kilikuwa kama punje ya kunde. Nilikuwa nacho tangu mfungo uliopita. Nilijiambia ni rovu la ukoo, kila mwanamke wa kwetu analo lake, litakaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Ndiyo maana nilianza kufunga ushungi kwa kubana.

Ningejichoma Ijumaa ile, wallahi. Ningejichoma, na hakuna mtu ambaye angenigusa shingo. Ningekonda, watu wangenisifia, na ndani


12.

Sentensi hiyo ameiacha hapo. Namwacha nayo.

Vile vichupa tulivipeleka kliniki. Daktari Kokugonza alivigeuza kwenye mwanga, akatafuta jina, tarehe, mtengenezaji. Hakuna. "Humu huenda kuna dawa," alisema, "huenda kuna maji, huenda kuna kitu ambacho sitaki kukikisia." Hakumgombeza mdogo wangu. Alivaa glovu, akasema, "Sasa nionyeshe hicho cha shingoni."


13.

*YAH: RUFAA YA MGONJWA, MWAMVITA MKUDE*

*Mgonjwa tajwa hapo juu amefanyiwa kipimo cha picha ya shingo na kuchukuliwa sampuli ya uvimbe kwa sindano nyembamba. Majibu yanaonyesha saratani ya tezi ya shingo ya aina inayoweza kurithiwa. Uvimbe ni mdogo. Kwa mujibu wa vipimo vilivyofanyika hadi sasa, haujaonekana sehemu nyingine ya mwili. Anapelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji, Dar es Salaam. Ndugu wa damu wachunguzwe.*

Lugha ya barua ni baridi. Lakini someni tena katikati yake.

*Uvimbe ni mdogo.*

Mdogo.

Mdogo.

Alhamdulillahi.


14.

Yaliyosikika kwenye korido, asubuhi ya upasuaji:

"Huyu ndugu yako ana maneno mengi, hata dawa ya usingizi imemkuta anaongea."

"Nani atakaa na duka?"

"Mume wake. Anauza vitenge kwa bei ya hasara, lakini anauza."

"Mama, kaa. Kusimama hakumponyeshi mgonjwa."

"Ndugu wa Mwamvita Mkude! Ndugu wa Mwamvita Mkude yuko wapi?"

"Nipo! Nipo hapa!"

"Ametoka salama."


15.

Sasa kuhusu mimi, maana mlianza safari hii na mimi.

Kipimo changu cha damu kilirudi kizuri. Picha ya shingo, safi. Kipo kipimo kingine, cha kuangalia kama nimerithi kile alichorithi Mwamvita. Damu imesafirishwa na majibu hayajarudi. Wanangu nao watasubiri majibu yangu.

Sindano sitachomwa. Daktari alinieleza mara moja, bila kuzungusha, na mimi nikalia. Nitasema kweli: nililia kwa ajili ya ile sindano. Mdogo wangu yuko hai, mimi nalilia sindano. Daktari hakushangaa. Alinisogezea karatasi laini akasema, "Ulikuwa na tumaini, limeondoka. Lia. Halafu tutazungumza njia nyingine, maana zipo."

Zipo kweli. Presha imebadilishiwa dawa. Kuna mtaalamu wa lishe, Bwana Mlekwa, aliyeanza kwa kuniuliza napenda kula nini, si kwa kunikataza. Kuna kukoroma kwangu, kumbe nako kunapimwa. Jioni natembea na mwalimu mwenzangu mpaka njia ya maji, tunarudi tukibishana. Suruali moja imeanza kufunga kifungo. Moja tu. Siitangazi.

Lakini kila nikikumbuka ile kliniki, moyo wangu unajaa. Fikiria: nilikwenda pale kutafuta mwili mwembamba. Mtu akaniuliza kuhusu mama yangu.

Ningeshukuruje? Nilimpelekea daktari ndizi kutoka Matombo, mkungu mzima. Akacheka, akasema kliniki nzima italishwa. Nikamwambia, "Daktari, umemwokoa mdogo wangu." Akasema, "Nimeuliza swali tu, mwalimu. Wewe ndiye uliyekwenda kulitafutia jibu."

Hapana. Shangazi ndiye aliyelijibu.


16.

Na wewe.

Ndiyo, wewe, mwenye kichupa mlangoni mwa friji, uliyekatishwa tamaa na kioo, na muuza nguo, na ngazi. Sikulaumu hata kidogo. Dawa hii inawasaidia wengi, na pengine itakusaidia wewe. Ila kabla hujavuta kifuniko, kaa mbele ya mtu aliyesomea. Mweleze kila kitu. Na kabla ya hapo, mpigie mzee wa kwenu mmoja, yule asiyependa kuulizwa.

Muulize.

Akinyamaza, usikate simu.


17.

Shangazi Chausiku ameshuka kutoka milimani mpaka Dar es Salaam na kapu la magimbi. Ameingia wodini bila kubisha, amemkagua Mwamvita bandeji kama anayekagua mahindi sokoni, ameridhika. Mwamvita haruhusiwi kuongea sana. Sauti yake imebaki ya kukwaruza. Madaktari wanasema huenda ikarudi yote, huenda isirudi yote. Vipimo vya mwisho bado.

Ananiashiria nisogee, ananong'ona, nami namtafsiria shangazi:

"Anauliza, sauti ya mama ilikuwaje. Kabla haijamwisha."

Shangazi anatutazama sisi wawili, watu wazima, wanawake wenye watoto, ambao hatukuwahi kusimuliwa chochote zaidi ya neno moja. Anavua viatu. Anapanda kitandani kwa Mwamvita, miguu imekunjwa, na ananivuta nami kwa mkono mpaka kitanda kinalalamika.

"Nesi akija mwambieni nimeambiwa na daktari," anasema. "Sogeeni. Mama yenu? He! Mama yenu akiita mtu kutoka ng'ambo ya bonde, hata mbuzi walikuwa wakigeuza shingo."