Asiwe Ndugu Yako

Habari hii nilipewa na Benadeta wa Bugomora, msimu wa kahawa uliopita, tulipokaa kumenya ndizi za sherehe ya ubatizo. Kemilembe ni mtoto wa kaka yake, na wakati ule walilala chumba kimoja, kwa hiyo hakuna alichofichwa.

Kemilembe alikuwa akisomea kuchomelea vyuma katika chuo kimoja cha ufundi huko Karagwe. Mkono wake mzuri. Akiunga chuma, unatafuta kiungo kwa kidole hukioni. Lakini mwaka ule chuo kilileta somo jipya la biashara, na mwalimu wake alikuwa Naila, binti wa wenye maduka mjini. Mwalimu Naila akatoa sharti: hapati cheti mtu mpaka auze kitu alichokitengeneza mwenyewe, kwa bei yenye faida, na mnunuzi asiwe ndugu yake.

Wenzake wakaguna. Kemilembe akacheka moyoni, akaona ni kazi ya asubuhi moja. Alishawaona vijana wa bodaboda wanavyohangaika na mikungu ya ndizi, inachubuka, inadondoka njiani. Akatengeneza keria mbili za pikipiki, pana, zenye mikono ya kuukumbatia mkungu. Chuma alinunua baba yake, Gaudiosus, akamwambia wazi kwamba kingine hakuna.

Keria ya kwanza aliipeleka Igurwa, kwa kijana aitwaye Benjamin. Sasa ninyi mnajua malezi yetu. Humwuzii mtu kitu kabla ya salamu, na salamu haijaisha kama hujauliza watu wa kwao. Kemilembe akauliza, akafika mpaka ukoo wa mama yake Benjamin. Kumbe ni ukoo wake yeye! Kijana akashuka kwenye pikipiki, akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe wewe ni mama yangu mdogo," alisema.

Bei ikafia hapo. Mama mdogo atamtozaje mtoto wake? Udugu ni kufaana, Benjamin akasema, na Kemilembe akaifunga keria kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyumbani na maparachichi kwenye kitenge. Gaudiosus hakugomba. Alimuuliza tu kama chuoni wanapokea maparachichi.

Ikabaki keria moja. Hiyo nayo ikienda bure, cheti kitasubiri mwaka mwingine, na fundi wa Murongo aliyemwahidi kazi atachukua mtu mwenye cheti. Basi Kemilembe akaenda nayo huko huko Murongo, mpakani, ambako watu wanatoka kila upande na ukoo haulizwi sana.

Akampata Ambrose, dereva wa bodaboda. Ambrose akaigeuza keria, akaikalia, akaitikisa. Aliipenda. Kisha, kwa kuwa naye kalelewa vizuri, akauliza, "Dada, wewe ni wa ukoo gani?"

Mdomo wa Kemilembe ulishafunguka. Akaufumba.

"Tumalize bei kwanza, kaka. Ukoo tutausema keria ikishafungwa."

Madereva wenzake wakacheka. "Ambrose, leo umeikuta forodha yenyewe," mmoja akamwambia.

Ambrose akasema rangi ni mbaya, akasema ataifikiria kesho. Kemilembe hakupandisha sauti. Akamweleza chuma kilivyomgharimu, na vijiti vya kuchomelea, na umeme, na mkono wake. Mwisho Ambrose akalipa, keria ikafungwa, ndipo wakatajana. Ukoo mmoja, ndugu kabisa. Ambrose akashika kichwa.

"Si ungesema mapema?"

"Ndiyo maana sikusema."

Lakini njia nzima ya kurudi chuoni alilifikiria lile sharti, kwamba mnunuzi asiwe ndugu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Hakuweza. Alimweleza mwalimu yote, na Naila akamjibu.

"Niliwakataza ndugu kwa sababu ndugu hawalipi. Huyu kalipa?"

"Amelipa, mwalimu."

"Basi ni mteja. Nyumbani kwetu baba aliwauzia binamu zake kila siku. Zawadi ya ndugu ilitoka jikoni, haikutoka dukani."

Akampitisha.

Jioni ile walikula ndizi na maharage. Gaudiosus akataka asimuliwe tena ile ya forodha, akaenda kulala akicheka peke yake. Chumbani Kemilembe akawa anamsimulia shangazi yake kazi ya Murongo, chumba atakachopanga, godoro atakalobeba, maneno yakaanza kuvutika, akasinzia na mengine yakiwa mdomoni. Benadeta akamfunika. Mvua ilikuwa inaanza kwenye migomba. Akakumbuka kwamba kahawa iliyoanikwa ilishaingizwa ndani, akageukia ukutani, naye usingizi ukamchukua.